Mstari wa Bwana Kiptum

Jumatatu moja ya mwaka wa 1998, mvua za El Niño zikiwa zimekwisha na barabara za Kimulot zikiwa bado mashimo matupu, Gesare alimimina uji wa wimbi ndani ya chupa ya chai, akafunga ndizi za kuchemsha kwa kitambaa, akatoka kwenda hospitali ya misheni kumwona mumewe. Alipita kando ya chai ya jirani, akavuka mto juu ya magogo, akapanda kilima. Alipokata kona ya mwisho, pale ambapo siku zote lango la hospitali huonekana, akajikuta amesimama juu ya zulia jekundu la meneja wa kiwanda cha chai.

Meneja, Bwana Kiptum, alimtazama miguu kabla ya kumtazama uso.

"Mama, hiyo matope."

"Pole, Bwana Meneja. Nilikuwa naenda hospitali."

"Kuona nani?"

"Omariba."

Kiptum alimjua Omariba vizuri sana. Alikuwa amefanya kazi katika chumba cha kuchambua chai cha kiwanda hicho hicho mpaka vumbi likamjaa kifuani, akawa anakohoa makohozi ya rangi ya chai. Alipoomba gari la kiwanda limpeleke hospitali aliambiwa gari lina kazi. Na kweli lilikuwa na kazi, lilikuwa linabeba mchanga wa nyumba mpya ya Bwana Kiptum. Omariba alipelekwa hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe, na daktari akamwambia Gesare waziwazi kwamba asikawie kumtembelea, kwa sababu hapakuwa na muda mrefu.

"Sawa, nimeruhusu," Kiptum akasema, akaonyesha mlango wa nyuma kwa kidevu.

Gesare akafungua mlango wa nyuma, akatokea moja kwa moja langoni pa hospitali. Mlinzi alikuwa anasukuma komeo. Saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa imekwisha. Gesare akamwachia chupa na ndizi ampelekee mgonjwa, na mlinzi akala ndizi zote kabla hajafika wodini.

Hakuna aliyeshangaa. Na washangae nini? Katika sehemu ile mtoto hakupata nafasi ya shule bila kupitia kwa Bwana Kiptum. Mbolea ilipitia kwake. Mahindi ya njaa yalipitia kwake. Ukitaka mwanao aajiriwe kiwandani, unapitia kwake, na ukitaka asifutwe, unapitia tena. Sasa miguu yenyewe ilikuwa imeanza kupitia kwake. Watu walisema tu, "Ni hivyo," wakaketi kwenye benchi.

Chanzo kilikuwa faili ya kompyuta, na faili ile iliandikwa na kijana mmoja anaitwa Isaiah. Huyu Isaiah alikuwa na diploma ya Nairobi, tai yenye kibanio, na kalamu mbili mfukoni ambazo hakuna mtu aliwahi kumwona akiandika nazo. Kiwanda kilikuwa kimenunua kompyuta chache na modemu iliyolia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, ili wakurugenzi wasome kwenye intaneti bei za mnada wa chai wa Mombasa. Bwana Kiptum hakupenda habari iingie ofisini kwake bila yeye kujua. Akaamuru mashine moja iwekwe chini ya meza yake, na kila anayetaka ukurasa wowote wa intaneti apitie kwanza kwenye hiyo mashine. Kazi ya Isaiah ilikuwa kuandika faili ndogo ya maagizo. Kompyuta ikiulizwa anwani, inaisoma faili hiyo kuanzia juu kushuka chini, na faili inaiambia: hii nenda moja kwa moja, ile pitia kwa mashine ya meneja. Ikishapata jibu la kwanza, inaacha kusoma hapo hapo.

Hiyo ndiyo kanuni yenyewe, na si ngumu. Ukimtuma mtoto dukani ukamwambia "nenda ukalete chumvi, rudi," hatangoja kusikia mengine uliyokuwa unataka kusema. Isaiah aliijua kanuni hiyo. Aliifanyia mtihani akapasi.

Lakini alipoketi kuandika, alikumbuka yeye ni nani na bosi wake ni nani. Sehemu zile, ratiba ya mkutano ikiandikwa, mgeni wa heshima anatajwa kwanza. Iwe harambee, iwe mazishi, iwe ufunguzi wa choo cha shule, mkubwa ndiye wa juu, halafu wengine wanafuata kwa ukubwa wao mpaka wanafika kwa wapishi. Isaiah hakuweza kuandika neno lolote juu ya jina la mkubwa wake. Mkono ulikataa. Kwa hiyo mstari wa kwanza kabisa wa faili, kabla ya sharti lolote, ulisema: Pitia kwa Meneja.

Faili ilikuwa ya kompyuta za ofisi tu. Ilivyotoka humo ikashika watu na mifugo ya tarafa nzima ya Konoin, hakuna aliyeuliza. Mzee Kipkemoi, aliyekuwa anampeleka ng'ombe wake kwenye josho, aliingia ofisini na ng'ombe mwenyewe, akavua kofia. Bibi harusi aliyekuwa njiani kwenda kanisani aliingia na wasimamizi wake wote, na Bwana Kiptum akawapa nasaha ndefu juu ya ndoa, yeye ambaye mke wake alikuwa haongei naye. Walimu walikuja, watoto wa shule walikuja, mchungaji alikuja. Lori za majani mabichi ndizo pekee hazikusumbuka, kwa sababu zilikuwa zinakuja kiwandani tangu zamani. Kwa hiyo chai ilichemka, ikakauka, ikapakiwa, na wakurugenzi hawakuona tatizo lolote.

Mwanzoni Bwana Kiptum alifurahi mpaka akaongeza benchi. Aliwaita watu si kwa jinsi walivyofika bali kwa jinsi alivyowapima: kwanza wenye koti, halafu wenyeji, halafu wale aliowaita "watu wetu wa kutoka ng'ambo," yaani kina Gesare, ambao baba zao walitoka Kisii kuja kuchuma chai na wamezaliwa hapo hapo. Kila mmoja alimuuliza anaenda wapi na kufanya nini. Kila mmoja alimwambia, "Sawa, nimeruhusu." Hakuna jambo lingine alilofanya. Alikuwa anafika kazini jua likiwa juu, anatoka mapema, na akitoka analitundika koti lake la kahawia nyuma ya kiti ili ionekane yuko karibu. Gesare alilikuta koti mara nyingi kuliko alivyomkuta mwenyewe.

Na kila siku mlango wa nyuma ulipomfungukia, lango la hospitali lilikuwa linafungwa.

"Mama, si uamke mapema," mlinzi alimwambia siku moja, akipangusa uji mdomoni.

"Natoka kuku wakiwa bado hawajashuka. Nakaa kwa meneja."

"Aa, kwa meneja," mlinzi akasema, na akaelewa kabisa, na akafunga lango.

Mambo yalibadilika ng'ombe wa Mzee Kipkemoi alipokunya juu ya zulia jekundu. Kiptum alimwita Isaiah, akamwonyesha kwa kidole.

"Unaona hii?"

"Naona, mzee."

"Mimi sikusema ng'ombe. Watu wapitie, sawa, hiyo ni heshima. Lakini ng'ombe aende josho moja kwa moja. Na wagonjwa, hao wa kukohoa kohoa hapa, waende hospitali. Andika."

Isaiah akaandika. Aliandika vizuri, kusema kweli, kwa sababu mtu anaweza kuwa bure kabisa na mwandiko wake ukawa safi. Kama ni hospitali, nenda moja kwa moja. Kama ni shule, nenda moja kwa moja. Kama ni kanisa, kama ni josho, kama ni nyumbani kwako, nenda moja kwa moja. Yote hayo aliyapanga chini ya mstari wa Bwana Kiptum, kama wapishi wanavyofuata mwisho wa ratiba. Kesho yake ng'ombe aliingia ofisini saa ile ile, akasimama pale pale.

Ndipo kiwanda kikaagiza dibaga kutoka duka moja la Nairobi. Dibaga ni programu ya kukagua maagizo mstari kwa mstari: inasimamisha faili, inakuonyesha imefika wapi na imeamua nini, ukibonyeza inasogea hatua moja. Ilikuja ndani ya sanduku zuri, na Janeffer, sekretari, akaifumia skrini ya Isaiah kitambaa cheupe cha kufunikia, chenye maua pembeni.

Isaiah aliiwasha asubuhi. Ilipoisimamisha faili, kila mtu aliyekuwa njiani alisimama. Wachumaji waliokuwa wanahama mstari wa chai walibaki mguu hewani. Mwendesha baiskeli wa Roret alisimama katikati ya mteremko, magurudumu yametulia, maziwa yametulia ndani ya mtungi. Gesare alikuwa juu ya magogo ya mtoni na kikapu kichwani.

Skrini ilisema: Mstari wa kwanza. Pitia kwa Meneja. Mwisho.

Isaiah akakuna shingo. Akabonyeza tena, na Gesare akashusha mguu mmoja. Akaianzisha upya, ikasimama tena, ikasema yale yale. Halafu kengele ya chakula ikalia, na Isaiah akaiacha dibaga imesimama vilevile, akaenda kantini kula ugali na maziwa lala. Alikula bila haraka, akaongeza. Gesare alisimama juu ya gogo kwa mguu mmoja muda wote huo, mto ukipita chini yake, ndege wakija kudonoa kikapu. Angalau macho yalikuwa yanasogea. Aliangalia jua likivuka saa ya kutazama wagonjwa na kwenda zake.

Alipofika ofisini jioni hakwenda kwenye benchi. Alienda kwenye mlango wa chumba cha kompyuta.

"Isaiah, ni wewe umetusimamisha?"

"Mama, hiyo ni taratibu ya kazi."

"Na ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa lanchi."

"Lanchi," Gesare akasema. "Mtu anakufa kule, na mimi niko juu ya gogo kama korongo, na wewe uko lanchi. Mavi ya kuku wewe."

Isaiah alitazama kibanio cha tai yake. Alimwambia amwonee huruma, kosa si lake, ni la dibaga.

Na hilo ndilo lililokubaliwa rasmi. Dibaga mbovu. Inakataa kusoma chini. Kila ikiulizwa, jibu lake ni lile lile, mstari wa kwanza na mwisho. Ilifutwa, ikawekwa upya. Ilihamishwa dirishani ipate hewa. Waliunda kamati ya dibaga, na kamati ilikunywa chai, ikala mandazi, ikaamua kwamba labda umeme wa kiwanda ni mzito sana kwake. Mchungaji, aliyekuwa kwenye benchi hata hivyo, aliombwa aiwekee mikono. Aliiweka juu ya kitambaa cha Janeffer na kufumba macho. Siku zote hizo mstari wa kwanza uling'aa pale kwenye skrini, mbele ya watu wazima wenye miwani, na kila mmoja aliusoma, akaona jina la bosi, akatingisha kichwa kwa heshima, akateremsha macho kutafuta kosa chini.

Wakaandikia duka la Nairobi kwamba walituma kitu kilichoharibika. Duka likamtuma fundi wake, mwanamke anaitwa Moureen, mwenye suruali ya jinsi na begi la mgongoni. Alifika bila tabu. Alikuwa mtu pekee wilayani siku hiyo aliyefika alikokuwa anaenda.

Moureen aliondoa kitambaa, akasoma skrini, akabonyeza mara mbili.

"Dibaga ni nzima," akasema.

"Haiwezi kuwa nzima," Isaiah akasema. "Inaishia juu."

"Inaishia juu kwa sababu umeiambia iishie juu. Jibu la kwanza ndio jibu. Hii mistari yako ya chini haijawahi kusomwa hata siku moja. Toa huu mstari wa meneja hapa juu, uweke chini ya zote. Imeisha."

Janeffer aliweka birika mezani polepole. Bwana Kiptum, aliyekuwa mlangoni, alikohoa.

"Uweke wapi?"

"Chini. Mwisho kabisa."

"Chini ya nini?"

Moureen akasoma. "Chini ya hospitali, shule, kanisa, josho, nyumbani."

"Mimi," Kiptum akasema, "chini ya josho la ng'ombe."

"Si wewe, mzee. Ni mstari."

"Una jina langu?"

"Una cheo chako."

"Basi ni mimi." Akamgeukia Isaiah. "Kijana, unaweza kuniweka chini ya josho?"

"Hapana, mzee," Isaiah akasema upesi. "Haiwezekani. Hiyo ni kukosa adabu." Akamgeukia Moureen. "Madam, kule Nairobi labda mnafanya hivyo. Huku hatuwezi."

Moureen aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeangalia mbwa wanaobwekea ndoo. Akafunga begi, akaaga, akatoka kwenda kupanda gari la Nairobi. Alishuka ngazi za mbele, akakata kona ya ghala, akaingia tena ofisini. Bwana Kiptum alikuwa tayari ameenda Sigor kula nyama na diwani, koti lake likiwa kitini. Moureen akaketi kwenye benchi, katikati ya Mzee Kipkemoi na Gesare.

"Chamgei," Kipkemoi akamsalimu. "Karibu. Huwa anarudi jioni, akirudi."

"Na mama wewe unangoja nini?"

"Mume wangu yuko hospitali," Gesare akasema. "Amelala wodini tangu mvua ziishe. Sijamwona hata siku moja. Uji wangu anakunywa askari."

Moureen alitazama saa yake, akatazama koti, akainuka akaingia chumba cha kompyuta. Isaiah alikuwa lanchi. Tusimpambe dada wa watu: gari lake lilikuwa linaondoka Kericho, na hakutaka kulala Kimulot. Alishika mstari wa Bwana Kiptum, akaushusha chini ya nyumbani, chini ya josho, chini ya yote. Kazi yenyewe ilikwisha kabla hata chai iliyokuwa kikombeni haijapoa. Akachukua begi, akashuka ngazi za mbele, akakata kona ya ghala, na hawakumwona tena.

Kwenye benchi watu walihisi kama mtu aliyekuwa amewashika mgongo wa shati amewaachia. Hawakupiga makofi. Ng'ombe ndiye aliyetangulia, akatoka nje, akafuata njia ya josho, na Mzee Kipkemoi akavaa kofia akamfuata. Mchungaji akaenda. Watoto wakaenda shule, ingawa ilikuwa karibu kufungwa. Gesare alibeba kikapu chake akashuka.

Alivuka magogo. Akapanda kilima, akakata kona ya mwisho. Lango la hospitali lilikuwa pale, limefunguliwa wazi, na mlinzi alimwona akaangalia pembeni kwa aibu ndogo. Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa. Gesare alipita chumba cha dawa, akapita ukumbi wenye harufu ya sabuni, akauliza wodi ya wanaume, akaonyeshwa. Mlango ulikuwa na kioo. Alimwona Omariba kitanda cha tatu, amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Na Omariba akamwona yeye. Aliinua mkono. Halafu kwa tabu sana alijisogeza kitandani, kidogo kidogo, akiegemea kiwiko, ili ampe mkewe mahali pa kuketi.

Gesare alicheka kwa sauti. Hakuwa amecheka tangu mvua ziishe. Akaweka mkono kwenye kitasa.

Wakati huo Bwana Kiptum alikuwa amerudi.

"Watu wako wapi?" akamuuliza Janeffer.

"Wameenda."

"Wapi?"

"Walikokuwa wanaenda."

Kiptum aliketi. Akanyoosha kalamu. Akaita, "Anayefuata!" na benchi likabaki benchi. Alifungua droo akaifunga. Alisimama dirishani akaona watu wakipita barabarani, kila mmoja na safari yake, hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Alionekana kama mtu aliyevuliwa suruali sokoni. Akamwita Isaiah kwa sauti ambayo Janeffer hakuwahi kuisikia, nyembamba kama ya mtoto.

Isaiah alifungua faili. Aliuona mstari kule chini, chini ya josho. Na hili lisisahaulike: aliona pia kwamba kila kitu kinakwenda sawa. Alikuwa amemwona Gesare akishuka kilima na kikapu chake. Alihesabu moyoni muda wa kutembea, akajua mama yule sasa atakuwa amefika, au yuko mlangoni. Alijua, kwa mara ya kwanza bila kisingizio cha dibaga. Lakini ajira yake ilikuwa bado haijathibitishwa, na bosi alikuwa amesimama nyuma yake akipumua nyama. Isaiah akaurudisha mstari juu, mahali pake pa heshima. Akabonyeza.

Gesare alisukuma mlango wa wodi akaingia kwenye zulia jekundu.

Uso wa Bwana Kiptum uliwaka kwa furaha. Alirekebisha tai.

"Ehe, mama! Unaenda wapi?"

Gesare alisimama na mkono bado umeshika umbo la kitasa.

"Nilikuwa nimeshafika," akasema.

"Umefika, ndiyo, karibu. Nauliza unaenda wapi."

"Nilikuwa nimefika, Kiptum! Amenisogelea kitandani! Amenipa nafasi nikae!" Hakumwita Bwana wala Meneja. Alimwambia yeye si mtu, ni mlango mbovu ambao haufungi wala haufunguki, na mama yake alipoteza maziwa bure. Alimwambia Isaiah pia, kupitia ukuta, na ukuta ulikuwa mwembamba. Isaiah alipangusa skrini kwa kitambaa cha Janeffer, ingawa haikuwa na vumbi.

Bwana Kiptum alisikiliza mpaka mwisho. Alisema maneno hayo angeweza kumshtakia kwa chifu, lakini yeye ni mtu wa kusamehe, na kwa sababu ya kukosa adabu angoje kwenye benchi kidogo. Hakukuwa na mtu mwingine anayengoja. Alitaka tu kuona mtu amekaa pale. Alipomruhusu, mlinzi alikuwa ameshafunga.

Omariba alikuja asubuhi yake.

Aliingia kwa mlango wa mbele akiwa na pajama ya mistari ya hospitali, miguu wazi, hakohoi tena. Alikuwa amekufa alfajiri, na kwa kuwa wafu nao wana mahali wanakwenda, alikuwa ameanza safari. Alitazama zulia, akatazama kiti, akatazama koti la kahawia. Alikuwa ameliona koti lile miaka yote ya kazi.

"Hata huku?" akauliza.

"Hata huku," Janeffer akasema, akampa kikombe cha chai kama alivyompa kila mtu, na Omariba akasema asante, akaketi mwisho wa benchi. Mzee Kipkemoi alisogea kidogo na ng'ombe wake. Alimpa pole kwa kifo chake, na Omariba akasema ni sawa, kifua sasa ni chepesi.

Gesare alikuwa amejaza chupa yake kama kawaida. Alitoka nyumbani kwenda hospitali, akaingia ofisini, akamkuta. Alijua pale pale. Alipiga "Mayoo!" moja ndefu iliyowafanya wachambuzi wa chai chumba cha pili wazime mashine, akaanguka magotini kwenye zulia. Halafu akainuka, akaketi kando yake. Omariba alikuwa amemwachia nafasi.

Bwana Kiptum alipofika alimuuliza maswali yake.

"Omariba. Unaenda wapi?"

"Naenda kupumzika, Bwana Meneja."

"Umeomba likizo?"

"Nimekufa."

"Nimesikia, pole. Lakini chumba cha kuchambua hakina mtu wa zamu yako. Nitaangalia. Ngoja kidogo." Akatundika koti, akaenda Mombasa kwa semina ya mameneja.

Kisii, kwa baba yake Omariba, ndugu walikuwa wamechimba kaburi. Walingoja, hakutokea, wakatupa mgomba ndani yake, maana kaburi haliachwi tupu. Mgomba ule ukachipua. Watu waliokwenda kuuliza habari, kila walipoanza safari ya Kimulot, walifika salama, kwa sababu walikuwa wanakuja ofisini. Walimsalimia Omariba kwenye benchi, wakala ndizi, wakaomba ruhusa ya kurudi.

Isaiah alithibitishwa kazini mwezi uliofuata. Ripoti yake ilisema dibaga ilikuwa na hitilafu ya kiwandani na imerejeshwa kwa muuzaji. Kila asubuhi alifungua faili, akaona mstari wa kwanza, akaifunga. Alijifunza kupita mlango wa uani ili asikutane na Gesare. Haikusaidia, kwa sababu kila alipotoka uani kwenda nyumbani aliingia kwa mlango wa mbele kama watu wengine, na ilimbidi apite mbele ya benchi, macho kwenye kibanio cha tai. Gesare hakumtukana tena. Alikuwa akivuta miguu yake pembeni ili asiguswe na suruali ya Isaiah.

Kiwanda kilijenga kibanda cha mabati juu ya benchi, na wakurugenzi wakaja kukata utepe. Bwana Kiptum alitajwa kwanza.

Gesare hachelewi tena. Akienda kuchuma chai, anafika kwa Omariba. Akienda sokoni Roret, anafika kwa Omariba. Jumapili akienda kanisani anafika kwa Omariba, amevaa kitambaa chake cheupe, na chupa mkononi. Wanakaa pamoja mpaka chai ya Janeffer inakwisha. Omariba hapungui wala haongezeki, lakini amechoka, na anasema hivyo, anasema mgongo unamuuma, anataka kulala chini.

"Leo meneja yuko?" huuliza, kwa sababu kutoka pale mwisho wa benchi hawezi kuona mezani.

Gesare hunyoosha shingo akaangalia.

"Koti liko," humwambia, na kummiminia uji.